Nguzo ya umeme na metre ya parsele: nini itangulie kijijini?

Kando ya barabara inayotoka Likasi, inapita Kambove na Fungurume mpaka Kolwezi, maneno mawili yanatembea pamoja: umeme na parsele. Kijiji kikisikia tu kwamba waya itafika, ao kwamba foraji kubwa ya maji itachimbwa, haikawii anatokea mtu mwenye metre, kamba na vijiti. Kiisha kikao kinaitwa kwa mfumu wa kijiji, na mabishano yanaanza. Wengine wanataka kijiji kikatwe vizuri kama mji, nyumba kando ya nyumba. Wengine wanauliza mashamba yatakwenda wapi.

Mabishano haya hayako ya wanakijiji peke yao. Yanagusa kila jamaa ya mfanyakazi wa migodi. Wewe unayefanya kazi ku kampuni, ao unayechimba kwa mikono, pengine njo wewe unayetafuta parsele ya bei nafuu kule nje ya mji. Na pengine mama yako njo ule anayelima pale pale wanapotaka kukata. Mtu mmoja anaweza kusimama pande zote mbili za maneno haya. Kwa hiyo tuyaangalie polepole: faida iko wapi, hatari iko wapi, na nini inapaswa kutangulia.

Waya inapita juu, chini ni giza

Mu nchi yetu ya shaba, umeme haukuanza jana. Baraji ya Mwadingusha, ku mto Lufira, ilianza kutoa umeme karibu mwaka 1930. Kiisha zikaja Koni, Nzilo na Nseke, mu miaka ya 1950. Zote zilijengwa kwa ajili ya kazi ya Union Minière. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikafika line ya Inga–Kolwezi, yenye urefu wa karibu kilometre 1.700, nayo vilevile kwa ajili ya migodi. Makambi ya wafanyakazi yalipata taa na robine. Vijiji vingi vilivyo chini ya waya hizo, mpaka leo watoto wanasoma kwa mwangaza wa tochi.

Wazee banasemaka: waya iko juu ya kichwa yetu, sasa juu ya nini hawakati kipande kidogo tu batupatie? Swali ni la haki, na jibu lake linafaa kujulikana. Line ya Inga–Kolwezi inabeba umeme wa mkondo mmoja wenye nguvu ya volti 500.000. Nyumba inatumia volti 220. Kutoa umeme kidogo njiani kunadai kituo kikubwa cha kuugeuza, kama kile kilichoko Kolwezi. Hata line zingine, zile zinazotoka ku baraji za hapa kwetu, ziko na nguvu nyingi mno kwa nyumba. Inapaswa kwanza kituo cha kuushusha, kiisha line ya katikati mpaka kijijini, kiisha kabini yenye transfo, na mwisho waya ndogo za kuingia mu nyumba.

Hapo njo feza inapokwenda: ku transfo na ku kilometre za waya. Na hapo njo umeme na parsele zinapoanza kukutana.

Hesabu ya kilometre moja

Tuseme waya inafuata njia ya kijiji kwa kilometre moja. Kama kila lupango iko na upana wa metre 50 mbele ya njia, kuna nyumba 20 kila upande. Jumla ni 40. Kama parsele ziko na upana wa metre 20, kuna 50 kila upande, na jumla ni 100. Kama upana ni metre 15, zinakuwa 66 kila upande, jumla 132. Nguzo ni zile zile, waya ni ile ile. Lakini mahali nyumba 40 zingegawana bei, sasa nyumba 132 zinagawana.

Hii njo nguvu ya wale wanaosema kijiji kikatwe na kikazwe. Wanasema ukweli. Bomba la maji linafuata hesabu ile ile. Shule pia, kituo cha afya pia. Kama watu wametawanyika, kila mtu na lupango yake kubwa mbali na jirani, hakuna kampuni itakayokubali kupeleka waya kwa nyumba 5, na hata Leta itaona bei ni ngumu.

Vijana njo wanaosukuma zaidi maneno haya, na tunaelewa sababu. Umeme unaleta mulini ya kusaga mahindi karibu, kazi ya kusudia vyuma, frigo ya kuuza samaki na maji baridi, na kituo cha afya chenye taa usiku mama anapozaa. Mtu anaweza kufungua kazi ndogo bila kungojea kampuni imwite.

Tusiongeze chumvi, lakini. Hata mu miji yenye umeme tangu zamani, jamaa nyingi bado zinapika kwa makala juu ya delestaji. Migodi ndiyo inakula sehemu kubwa ya umeme wa huku, na umeme hautoshi. Makampuni mengine yananunua umeme mpaka Zambia. Mtu akisimama mu kikao na kuahidi kwamba waya ikifika pori litapumzika na makala yatakwisha, mumwulize kwanza: umeme utakuwa saa ngapi kwa siku?

Hesabu ya choo na kisima

Sasa tuje ku upande ambao watu wenye metre hawapendi kuuzungumza.

Mafundi wa maji wanashauri kwamba choo cha shimo kikae angalau metre 30 mbali na kisima. Kijijini kwenye lupango kubwa, hilo linawezekana. Lakini chukua parsele ya metre 15 kwa 20, kama zile zinazouzwa sana pembeni ya miji. Pima toka kona moja mpaka kona ya mbali kabisa: unapata metre 25. Ni kusema, hata ukiweka choo ku kona hii na kisima ku kona ile, hufikishi metre 30. Na hapo hatujahesabu choo cha jirani, ambacho pengine kiko metre 4 toka kisima chako, nyuma ya ukuta.

Parsele ya 20 kwa 30 inafanya kona kwa kona metre 36. Kwako mwenyewe inaweza kutosha. Kwa jirani wa pande tatu, hapana.

Tunajua mwisho wake. Haut-Katanga, Haut-Lomami na Tanganyika hazihitaji kufundishwa neno kipindupindu. Mvua ikianza, visima vinajaa, vyoo vinajaa, na maji yanatembea chini ya udongo bila kuomba ruhusa.

Kwa hiyo, mtu anayesema tukate parsele ndogo sasa, maji ya bomba yatakuja mbele, anawaambia wakae juu ya hatari. Kama parsele ni ndogo, maji ya bomba hayako zawadi ya baadaye. Ni sharti. Na bomba lenyewe, kama pompe yake inategemea umeme wa delestaji, linaweza kukaa siku nzima kavu. Ni vizuri kuuliza kama kutakuwa na tanki kubwa, ao pano za jua, ili maji yatoke hata wakati umeme umekatika.

Wamama na shamba

Upande wa pili wa kikao, mara nyingi, ni wamama na wazee wanaolima. Wao hawakatai umeme. Wanakataa kuulipa kwa shamba.

Hesabu yao nayo ni wazi. Hektare moja ni metre kare 10.000. Ukiondoa karibu sehemu moja ya tatu kwa ajili ya njia, shule na soko, unabaki na nafasi ya parsele karibu 11 za 20 kwa 30, ao 22 za 15 kwa 20. Feza yake inaingia mara moja: inanunua moto, inajenga chumba kimoja, inakwisha. Mahindi, mihogo na sombe vinarudi kila mwaka.

Sisi jamaa za migodi tuko na sababu ya kuwasikiliza wamama hawa. Mu miaka ya 1980, Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Mu 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na mu 1994 kampuni ilikuwa imeshuka chini ya tani 50.000. Mishahara ikakaa miezi na miezi. Mu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakatoka kwa ile operesheni ya kuondoka kwa mapenzi. Miaka ile, kitu kilichotia bukari ku meza mu nyumba nyingi haikuwa mshahara. Ilikuwa shamba la mama, nje ya mji. Bei ya kobalti inapanda, inashuka, mkataba unaisha. Mahali shamba lilikuwa, kama kumejaa ukuta na mabati, hakuna mtu atakayelirudisha.

Nguzo inapandisha bei

Lakini hatari kubwa kuliko zote haiko ku choo wala ku shamba. Iko ku karatasi.

Siku nguzo ya kwanza inaposimama, hata kabla taa moja haijawaka, bei ya udongo inapanda. Watu wa mji wanakuja na feza. Na mtu wa kwanza kuumia ni ule aliyekaa pale tangu babu, bila karatasi yoyote.

Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Leta. Mtu hanunui udongo wenyewe. Anapewa konsesioni, haki ya kuutumia. Kwa Mkongomani inaweza kuwa ya daima. Karatasi inayothibitisha haki ile ni sertifika ya enrejistrema, inayotolewa na konservateri. Karatasi ya mfumu wa kijiji, hata yenye tampo na mashahidi kumi, ni ushuhuda mzuri, lakini haiko sertifika. Na sheria inasema kwamba sertifika ikishapita miaka 2, haki iliyoandikwa ndani yake haiwezi tena kushambuliwa. Mtu wa mbali akitengeneza yake kimyakimya juu ya shamba lako, na wewe unangojea tu, siku unaamka umechelewa.

Kuhusu udongo wa vijiji, sheria ile iliahidi kwamba ordonansi ya Rais itapanga haki za watu wanaoukaa kwa desturi. Ordonansi ile ilingojewa miaka na miaka. Mu nafasi hiyo, wafumu waliuza, watu wa kadasta walikata, na mara nyingine parsele moja ikapata wenyewe wawili ao watatu.

Kuna mlango mmoja ambao wengi hawaujui. Sheria ile ile inadai uchunguzi kabla ya kutoa udongo wa kijijini. Mu uchunguzi ule inapaswa kuandika watu wote waliokutwa pale na kazi wanayoifanya, na kusikiliza wale wenye malalamiko, hata wakisema kwa kinywa tu. Kama mtu wa metre amepita na hakuna aliyewauliza majina, wala mashamba yenu, wala kaburi za wazee, mko na haki ya kuuliza: uchunguzi ulifanyika wapi, na prose-verbal yake iko kwa nani?

Na chini ya parsele kuna jambo lingine. Kodi ya Migodi inasema madini ni mali ya Leta, na haki yake ni mbali na haki ya udongo wa juu. Tulionja jambo hilo kule Kasulo, mu mji wa Kolwezi, wakati kobalti ilipoonekana chini ya nyumba mu 2014. Kartie nzima ikageuka mashimo, na mu 2017 jamaa nyingi zikahamishwa. Kwa hiyo, kabla ya kununua parsele mahali pageni, uliza kwa kadasta ya migodi, CAMI, kama pale hapaangukii ndani ya permi ya kampuni. Swali hilo ni rahisi kuliko kujenga nyumba mara mbili.

Feza itoke wapi?

Mu kila kikao kuna mtu anayesema: sisi ni maskini, tuuze nusu ya kijiji ili tununue transfo. Mbele ya kuuza, tuangalie mifuko mingine.

Katiba, mu artikle 48, inatambua haki ya maji safi na umeme. Haki ile haiwashi taa yenyewe, lakini inawapa maneno ya kusimamia. Kodi ya Migodi, kama ilivyobadilishwa mu Machi 2018, inagawa redevansi hivi: asilimia 50 kwa Leta kubwa, 25 kwa provensi, 15 kwa komine, sekteri ao sheferi yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hiyo, kampuni inapaswa kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa kandokando, na kutia sahihi kaye ya masharti, ambamo maji, barabara, shule na umeme vinaweza kuandikwa.

Angalieni vizuri: kijiji chenyewe hakimo mu hesabu ya ile asilimia 15. Inakwenda ku komine, sekteri ao sheferi. Ndiyo sababu mabishano ya kukaza kijiji yanafika mpaka ku siasa. Sheria ya 2008 inakubali kwamba mahali penye watu angalau 20.000 panaweza kufanywa komine. Kijiji kikijaa na kuwa komine, burugumestre anaingia, takse mpya zinaingia, na feza ya mgodi inaweza kubadilisha mfuko. Vijiji vidogo vilivyobaki nje vinaweza kujikuta na mavumbi ya malori lakini bila sehemu. Hilo lizungumzwe mapema, si siku ya kukata utepe.

Kuhusu umeme wenyewe, tangu sheria ya Juni 2014 SNEL haiko peke yake tena. Kampuni zingine zinaweza kutengeneza na kugawa umeme, na kuna shirika la Leta, ANSER, kwa ajili ya vijijini na pembeni ya miji, pamoja na ARE ya kusimamia soko. Kijiji kinaweza kufikiri hata mtambo wa jua wa kwake bila kungojea line ndefu. Lakini kule pia muulize bei ya kilowati kwa maandishi. Taa iliyowaka mwezi mmoja, kiisha ikazimwa juu ya fature, haikusaidia mtu.

Maswali ya kupeleka mu kikao

Hatusemi kijiji kibaki mu giza ili kilinde mihogo. Hatusemi pia kikatwe chote ili kipendeze watu wa waya. Njia ya katikati iko, na wengi wanaiona wakipewa nafasi ya kuongea: kukaza nyumba mahali pamoja, kandokando ya njia ambapo waya na bomba vitapita, na kuacha mashamba mapana nyuma, yakiandikwa kwa jina la wenyewe. Nyumba zinakaribiana, bei ya waya inashuka, na shamba linabaki shamba. Lakini hiyo inadai mpango uchorwe kabla ya nguzo, si nyuma yake.

Kwa hiyo, kikao kikiitwa kwenu, mtu mmoja ashike kalamu na aandike majibu ya maswali haya:

Nani aliyetoa ruhusa ya kukata, na karatasi yake iko wapi? Watu wanaokaa na kulima pale wameandikwa wote, pamoja na wajane na wale walio safarini ku migodi? Parsele ziko na kipimo gani, na kama ni chini ya 20 kwa 30, maji ya bomba yatafika tarehe gani? Njia, shule, soko, makaburi na mfereji wa mvua vimewekewa nafasi? Mashamba gani hayataguswa, na nani atayaandikisha? Parsele ngapi zinakwenda kwa wenyeji, ngapi kwa wafumu, ngapi kwa watu wa ofisi? Feza ya 0,3 na ya redevansi imeombwa?

Kama majibu yamekosekana, msitie sahihi siku ile. Ombeni siku zingine, mwite wale wanaofanya kazi mbali, msome karatasi kwa Kiswahili mbele ya wote. Na wewe unayekuja kununua, uliza maswali yale yale. Parsele ya bei nafuu ambayo mwenye shamba hakuulizwa itakuletea kesi, na kesi inakula mshahara kuliko nyumba.

Waya inaweza kungojea mwezi mmoja. Jina lisiloandikwa halingojewi na mtu.